Kabla Hujalipia Ramani: Jua, Paa na Maji ya Nyumba ya Dar

Wateja wengi hufika ofisini na picha kwenye simu. Nyumba nyeupe, vioo virefu, paa halionekani, taa za jioni zinawaka. Picha hiyo inaonyesha upande wa mbele tu. Jua la saa tisa alasiri halimo, mvua ya masika haimo, na siku ya nne bila maji bombani haimo pia. Nyumba ya Dar es Salaam hukalika au hushindikana kwa mambo hayo matatu, na karibu yote huamuliwa kwenye karatasi. Kuhamisha dirisha kwenye ramani ni kazi ya dakika kumi. Kulihamisha ukutani ni nyundo, lenta, plasta na rangi upya.

Tunaeleza hapa yale tunayoyakagua kwanza kwenye ramani ya nyumba ya chini ya vyumba 3 au 4. Unayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa, vipimo ni hivihivi.

Mashariki ni upande wa kulala

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kisha linahamia kusini. Hata Juni, linapoegemea sana kaskazini, saa sita mchana linakuwa nyuzi 30 tu kutoka utosini. Jua la juu kiasi hicho ni rahisi kulizuia: paa likitokeza sentimita 75 nje ya ukuta, kivuli chake kinashuka kama mita 1.3, yaani kinafunika sehemu kubwa ya dirisha. Desemba jua likiwa kusini, kivuli kinafika mbali zaidi.

Jua la magharibi ni habari nyingine. Saa kumi alasiri limeshuka, linaingia chini ya paa moja kwa moja, linapiga ukuta uliokwisha kupata moto tangu mchana. Ukuta wa tofali za saruji unabeba joto hilo hadi usiku. Chumba cha kulala kilichoko magharibi kinakuwa tanuri saa tatu usiku, wakati nje kumeshapoa.

Upepo nao una mpango wake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Pepo zote mbili zina mashariki ndani yake. Kwa hiyo upande wa mashariki unapata upepo karibu mwaka mzima, na jua lake ni la asubuhi tu. Tunapanga vyumba vya kulala huko, na magharibi tunaweka choo, stoo, jiko na maegesho. Vyumba hivyo vinakuwa ngao ya joto, na harufu ya choo na moshi wa vitunguu vinatoka nje badala ya kuingia sebuleni. Barabara ikiwa magharibi na ukataka sebule iangalie huko, weka baraza yenye upana wa mita 2 mbele yake.

Upepo hauingii pasipo na pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa hakipitishi hewa, hata dirisha liwe kubwa namna gani. Kikiwa pembeni, kipe madirisha kwenye kuta mbili. Kikiwa katikati, acha tundu lenye wavu juu ya mlango. Na usidanganyike na kipimo cha fremu. Dirisha la alumini la kusukuma lenye mita 1.5 kwa 1.2 ni mita za mraba 1.8, lakini kioo kimoja hukaa nyuma ya kingine, kwa hiyo linafunguka 0.9 tu, na wavu wa mbu unapunguza tena. Sisi tunataka sehemu inayofunguka isipungue moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 kinahitaji kama mita za mraba 1.3, kwa hiyo dirisha hilo moja halitoshi. Madirisha ya bawaba yanafunguka yote, na kwa vyumba vya kulala tunayapendelea hayo.

Paa la kuficha

Hapa ndipo tunapobishana zaidi na wateja, kwa sababu ndilo paa linalopendwa na ndilo linalovuja.

Kwenye paa la kawaida maji yakijaa gata, yanamwagika nje. Unaona, unakasirika, unamwita fundi, lakini ndani pakavu. Paa la kuficha linalala nyuma ya ukuta uliopandishwa, na maji yote yanakusanyika kwenye gata ya ndani, kati ya bati na ukuta huo. Gata hiyo ikijaa, maji hayana pengine pa kwenda ila juu ya dari yako.

Fanya hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Bati la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa saa linashusha lita 7,500 kwa saa, yaani lita 125 kila dakika. Gata yenye urefu wa mita 12, upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 20 inabeba lita 720. Jani la mwembe likiziba bomba pekee la kutolea maji, gata hiyo inajaa kabla ya dakika 6 kwisha. Dari ya jipsamu haistahimili hata hapo. Inalowa, inapinda, inashuka vipande vipande.

Makosa tunayoyakuta ni yaleyale: gata ya zege iliyopigwa plasta tu, ambayo hupasuka kwenye kona kwa sababu zege na ukuta vinatanuka na kusinyaa kwa joto kila siku, bomba moja la inchi 2, ukingo wa juu wa ukuta ulioachwa bapa, maji yanaingia kwa juu na rangi ya ndani inavimba mapovu wakati paa lenyewe halina kosa.

Ukilitaka paa hili, tunalichora hivi. Gata iwe na upana wa sentimita 40, mtu aweze kuweka mguu na kusafisha. Iteremke sentimita 1 kila mita. Mabomba mawili ya inchi 4, kila moja na kichujio. Tandiko la kuzuia maji lipande ukutani angalau sentimita 15, na liwekwe kabla ya bati. Ukuta utobolewe tundu la dharura, chini yake kukiwa sentimita 5 chini ya ukingo wa bati, ili siku mabomba yakiziba maji yatoke nje mbele ya macho yako. Ukingo wa ukuta upate kofia ya zege yenye mteremko na mfereji mdogo chini yake wa kudondoshea maji. Bati liwe karatasi nzima kutoka juu hadi chini, bila kiungo, mteremko usipungue nyuzi 10. Geji 28, si 30; namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na wauzaji wengine hawakwambii. Kisha ziba mabomba, jaza gata maji, yaache saa 24 kabla ya kufunga dari. Fundi akikataa jaribio hili, usimlipe awamu ya mwisho.

Kwa kuwa paa hili halitokezi nje, kila dirisha la kaskazini na kusini lipate kofia ya zege inayotokeza sentimita 60. Gharama ya haya yote ndiyo bei halisi ya paa la kuficha. Bajeti ikiwa haitoshi, chukua paa la migongo miwili lenye kutokeza. Si la mtindo, lakini litakufikisha mbali.

Maji yanayoingia

Kadiria lita 80 kwa mtu kwa siku. Watu 6 ni lita 480. Tanki la lita 5,000 litawapa siku 10. Maji ya DAWASA yakifika kwako usiku tu na kwa presha ndogo, hayatapanda hadi kwenye tanki la mnarani. Hapo unahitaji tanki la chini la kupokea, na pampu ya kupandisha. Shimo la mita 2.5 kwa 2, kina mita 2, linabeba lita 10,000.

Kimo cha mnara kinasahaulika sana. Kila mita 1 ya kimo inakupa presha ya takriban ba 0.1. Mnara wa mita 3, sakafu iliyoinuliwa sentimita 45, bafu lililoko mita 2 juu ya sakafu: tanki likikaribia kwisha imebaki nusu mita tu ya kusukuma maji. Ndiyo sababu hita ya bafuni haiwaki, na mwenye nyumba anabadilisha hita mbili bure. Jenga mnara wa mita 6 au weka pampu ndogo ya kuongeza presha, na uiachie soketi yake kwenye ramani ya umeme. Kumbuka tanki la lita 5,000 likijaa ni tani 5 za maji. Kenchi za mbao za paa hazibebi uzito huo.

Mvua ya Dar inapita milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 150, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, linatoa kama lita 120,000, sawa na maboza 12 ya lita 10,000, mradi una pa kuyaweka.

Maji yanayotoka

Bomba la choo la inchi 4 literemke sentimita 2.5 kila mita. Weka chemba kila linapopinda, maana huko ndiko linakoziba. Tanki la septiki likae upande wa geti, gari la majitaka liweze kulifikia bila mpira kupita sebuleni. Tunaona mashimo yaliyochimbwa nyuma ya nyumba, uzio pande tatu, hakuna njia. Tanki likikaa chini ya maegesho, mfuniko wake uwe wa zege la nondo linalobeba gari. Kutoka shimo la kunyonya, linalopokea maji ya tanki la septiki, hadi kisima cha maji, acha angalau mita 30.

Ndani

Pima vyumba kwa samani. Kitanda cha futi 6 kwa 6 kinachukua karibu mita 2 pamoja na uchago. Kabati ni sentimita 60. Chumba cha mita 3 kikiwa na kabati mkabala na kitanda kinabaki na sentimita 40 za kupita, na mlango wa kabati haufunguki. Milango yote, pamoja na wa choo, iwe sentimita 90: siku mama mzee akihitaji kiti cha magurudumu, mlango wa 70 utamzuia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni. Mtungi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu, na jiko lipate tundu karibu na sakafu.

Kiwanja kikiwa bado hakijanunuliwa, kiangalie kipindi cha masika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe wa bahari. Ramani nzuri haitaokoa nyumba iliyo ndani ya eneo hilo.

Ukija kwetu mara ya kwanza, acha picha ya simu kwa baadaye. Leta vipimo vya kiwanja, upande wa kaskazini ukiwa umewekwa alama, barabara iko wapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, bomba la maji limepita wapi, idadi ya watu watakaolala humo, na vipimo vya kitanda na kabati ulizonazo sasa.