Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Kigoma: tiki moja haitoshi kumpima mtoto

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: FOMU YA "AINA YA AKILI" NA UCHAGUZI WA MKONDO WA AMALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, naishi Ujiji. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe limeshatoka ofisi za walimu likafika mialoni, wavuvi wanakoshusha samaki, na wazazi wana haki ya kulisikia likijadiliwa mbele yao.

Tangu mtaala mpya uanze mwaka 2024, mwanafunzi wa sekondari anaweza kufuata mkondo wa jumla au mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Naunga mkono. Kinachonisumbua ni karatasi iliyozaliwa kwenye semina moja ya walimu na sasa inapita mkono kwa mkono. Mwalimu wa darasa anaweka tiki mbele ya jina la kila mtoto: akili ya hesabu, ya lugha, ya mikono, ya muziki, na kadhalika. Chini yake anajaza kama mtoto hujifunza kwa kuona, kwa kusikia au kwa kutenda. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, waliowekewa tiki ya "mikono" ni walewale waliofeli jaribio la hisabati. Wote. Na wote wamependekezwa kwenda amali.

Chanzo cha fomu hiyo nakifahamu. Mwaka 1983 Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitoa hoja kwamba akili ya binadamu si moja. Alitaja saba: ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya muziki, ya mwili na viungo, ya nafasi na maumbo, ya kuwaelewa wengine, na ya kujielewa mwenyewe. Baadaye akaongeza ya nane, ya kuwatambua viumbe na mazingira yao. Walimu tuliipenda hoja hiyo upesi, maana ilituruhusu kumwona mtoto ambaye ripoti ya muhula haimwoni. Wanasaikolojia wengi hawakuipokea kwa shangwe hiyo. Tangu Charles Spearman alipochapisha kazi yake mwaka 1904, imeonekana mara nyingi kwamba anayefanya vizuri kwenye jaribio moja la akili huelekea kufanya vizuri na kwenye mengine, na hilo halipatani na akili saba zinazojitegemea. Ubishi huo hatutaumaliza sisi wa Kigoma. Lakini hata ukimkubali Gardner mia kwa mia, fomu hii haimfuati. Yeye mwenyewe ameandika kwamba nadharia yake haihusu mitindo ya kujifunza, na kwamba kila mtu anazo akili zote hizo, kwa viwango tofauti. Sasa tiki moja kwa mtoto mmoja imetoka wapi?

Hiyo sehemu ya kuona, kusikia na kutenda ndiyo dhaifu zaidi. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo, wakitafuta ushahidi kwamba mtoto huelewa zaidi akifundishwa kwa "mtindo wake". Walihitimisha kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuufanya utaratibu wa shule. Ukitafakari, haishangazi. Ramani ya Ziwa Tanganyika kila mtu huisoma kwa macho, na matamshi ya Kifaransa kila mtu huyashika kwa masikio. Somo ndilo linalochagua njia.

Tuje mwaloni. Chukua binti yeyote anayemsaidia mama yake kuanika dagaa Kibirizi au Katonga. Anajua beseni limenunuliwa kwa bei gani. Anajua kwamba kilo nne mbichi hazitatoa hata mbili kavu, kwa hiyo bei ya kilo kavu lazima ibebe maji yaliyokauka, nauli, gunia, na siku ile mvua ilipowahi kuliko mikono. Akikosea, nyumbani hakuliki. Hayo yote ni uwiano, asilimia, faida na hasara. Mpe swali hilohilo ubaoni, kwa Kiingereza, lenye vitabu na mabwana wasiojulikana wanaogawana machungwa, atanyamaza. Nyumbani anaongea Kiha, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, na Januari ya kidato cha kwanza anakuta hesabu zote zimehamia lugha nyingine. Akili yake haikupungua likizo ya Desemba. (Suala la lugha haliko mezani kwako, nalijua. Nalitaja ili lisije likaandikwa kwenye fomu kama aina ya akili.)

Jambo hili limepimwa kwingine. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake wawili walichapisha utafiti wao wa Recife, Brazili. Waliwafuata watoto watano wauza bidhaa mitaani, wa miaka 9 hadi 15, wakajifanya wateja. Mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi, moja ikiwa 35. Hakuongeza sifuri kama tunavyofundisha. Alisema tatu ni 105, tatu nyingine inakuwa 210, akaendelea hadi 315, kisha akatoa 350. Kwa jumla watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu za sokoni. Walipopewa hesabu zilezile kwenye karatasi, bila nazi wala mteja, walipata asilimia 37. Fomu yetu ingewajazia nini? Inategemea umewakuta wapi siku hiyo.

Na karibu zaidi na sisi, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 matokeo ya watoto wa kijijini waliopimwa ujuzi wa dawa za mitishamba. Waliojua zaidi dawa walielekea kupata alama za chini kwenye majaribio ya msamiati. Mtu mwenye haraka angesema hizo ni akili mbili tofauti. Mimi nasoma muda: saa za mtoto zimetumika kujifunza kile ambacho familia iliona kitamfaa.

Nenda pia kwa fundi wa boti. Anapanga mataruma, yaani mbavu za boti, bila mchoro, na kijana wake anajifunza kwa kupewa ubao, kuukata, kuambiwa papo hapo amekosea wapi, na kesho kuulizwa tena bila kuonyeshwa. Wengi huona hapo "akili ya mikono". Mimi naona ufundishaji mzuri ambao ungemfaa hata anayesoma fizikia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliosoma kifungu kisha wakajipima walikikumbuka vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokirudia kukisoma. Fundi hajausoma utafiti huo, lakini darasani kwake hakuna siku inayopita bila jaribio. Sisi tunasubiri mwisho wa muhula.

Alfred Binet alipotengeneza kipimo chake cha akili Paris mwaka 1905, alitaka kuwapata watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Wengine wakakigeuza chombo cha kuwapanga watu madaraja. Ndiyo maana siichukulii fomu hii kama mzaha wa semina. Na sisi tuna historia yetu: sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilionya dhidi ya kudhani kwamba maarifa yenye thamani hutoka vitabuni na kwa wasomi pekee, lakini shule nyingi zikaishia kumpa mtoto jembe kama adhabu. Amali nayo ikipokea waliofeli tu, wazazi watajua maana yake kabla hata hatujaizindua vizuri. Fundi umeme asiyejua kugawanya atachoma nyumba ya mtu.

Naomba basi utoe maelekezo fomu hiyo isitumike kuchagua mkondo. Amali waende wanaoitaka, wakiwemo wanaoongoza darasa, na anayefeli hisabati afundishwe hisabati, popote aendako. Walimu wa mwambao turuhusiwe kutunga maswali kutoka mwaloni: mizani ya dagaa, mafuta ya injini, mwezi na siku za giza ambazo taa za wavuvi huvuta dagaa. Yangu nimeshayaandika kwenye daftari, nitalileta ofisini ukinipa siku.

La mwisho ni la fedha. Ningependa fundi boti aje darasani mara moja kwa mwezi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti, kwa hiyo swali la "ana sifa gani" linajibika. Bado swali la posho yake itoke fungu gani, maana siku atakayokuwa kwetu hatakalafati boti ya mtu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa hisabati, Ujiji