Binti wa bosi wa BI mbona mmempa nusu sentensi?

Mhariri, salamu kutoka Mombasa. Makala yenu ya meli za zamani za BI, ile kampuni ya British India Steam Navigation, tumeyasoma hapa barazani Makadara na yamezua gumzo si kidogo, wazee wameitaja Karanja, wameitaja Kampala, abiria wa deki na mizigo yao wakielekea Bombay, mpaka kahawa ikapoa. Lakini kuna jambo limenikera na lazima niliseme. Lord Inchcape, yule mkubwa wa BI na wa kampuni nyingine ya meli, P&O, mmempa aya nzima, halafu binti yake mmempitisha kama hana jina, ati alipotea na ndege basi.

Jina analo. Ni Elsie Mackay, kazaliwa Simla huko India 1893. Na kabla ya hayo mambo ya ndege alikuwa staa wa sinema, zile za kimya ambazo maneno unayasoma kwenye skrini. Alitumia jina la Poppy Wyndham, hilo Wyndham la mumewe, mwigizaji aliyetoroka naye wakaoana 1917 na baba mtu akawaka moto. Karibu na 1920 alicheza picha kadhaa Uingereza, hata Ronald Colman alicheza naye kabla hajaenda Marekani kuwa jina kubwa. Ndoa ikavunjwa 1922, akarudi kwao, na mwaka huo huo akapata leseni ya urubani. 1922 jamani, wakati hapa kwetu ndege yenyewe ni muujiza!

Sasa kuna mzee mmoja hapa akasema ah, huyo mtoto wa tajiri tu, kachoka na starehe. Pesa za baba zilikuwepo, sikatai, maskini hanunui ndege. Ila huyu alifanya kazi, yeye ndo alopanga vyumba na kumbi za abiria za meli za P&O, mbao, rangi, viti, kila kitu, na ile Viceroy of India iliyoanza safari 1929 mkono wake umo ndani, ingawa mwenyewe hakuwahi kuipanda.

Manake 13 Machi 1928 alipaa kutoka Cranwell, Uingereza, na Kapteni Hinchliffe, rubani mwenye jicho moja, jengine lilibaki vitani. Ndege ni Stinson Detroiter, wakaiita Endeavour. Shabaha yao Marekani, kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, na hapo ndo penye kazi kwa sababu upepo kule unatoka magharibi, unaupokea usoni njia nzima, ni kama mtu ang'oe nanga na jahazi kwenda Bombay kaskazi imeshika. Lindbergh, yule rubani Mmarekani, mwaka uliotangulia alivuka kutoka Marekani na upepo mgongoni. Lakini kwa njia ya akina Elsie hakuna ndege iliyokuwa imeshafika bila kutua njiani. Baba yuko Misri, hajui lolote, na Elsie alificha hata jina lake asijulikane kuwa anasafiri. Walionekana mara ya mwisho Mizen Head, Ireland, halafu kimya. Disemba kipande cha miguu ya ndege kikatupwa ufuoni Donegal. Mwezi mmoja tu baada ya wao kupotea, Wajerumani wawili na Muairish mmoja wakafika Canada na ndege iliyoitwa Bremen, wakabebwa juu juu.

Kinachoniuma mimi zaidi ni mke wa Hinchliffe. Kaachwa na watoto wadogo, na pauni 10,000 za bima alizoahidiwa mumewe akazihangaikia mpaka kelele zikapigwa ndo akalipwa. Inchcape naye akaitoa mali ya bintiye, karibu pauni 500,000, akaikabidhi serikali, iwekwe miaka kama 50 izae halafu isaidie kupunguza deni la taifa. Deni la taifa! Hapa kwetu tungepata mtu kama huyo sijui tungemjengea nini, lakini kusema kweli mimi ningeanza na yule mjane.

Na msiseme hili halituhusu. Njia hiyo hiyo ya Atlantiki mwanamke wa kwanza kuivuka peke yake kutoka Uingereza alikuwa Beryl Markham, 1936, na huyo amekulia Njoro hapa hapa Kenya. Yeye mnamwandika kila mwaka, vizuri, anastahili. Lakini huyu wa BI kampuni yao imeota mizizi kwetu, Mackinnon aliyeianzisha ndo huyo huyo wa IBEA, ile kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa, iliyoingia Mombasa 1888, na wazee wetu wangapi wamepakia na kupakua meli zake pale Kilindini.

Basi ninaomba mkitoa sehemu ya pili mumtaje kwa jina, na picha yake muiweke, hata ile ya sinema. Na wasomaji ambao baba zao walikuwa mabaharia wa BI, kama kuna picha zimebaki kwenye sanduku, wapelekeeni hawa wa gazeti kabla mchwa hawajawatangulia.

Msomaji wenu,
Makadara, Mombasa