Zima moto kwanza, ndipo utie paprika

Szeged, Hungaria
Novemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Mimi mzima, alhamdulillahi, baridi tu ndiyo imeanza kuuma masikio. Natumai Tanga mko salama, na biashara ya chakula inakwenda.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Umesema yule mgeni aliagiza gulashi, ukampikia nyama kwa nyanya, karoti, tangawizi na bizari, akala kwa adabu lakini akasema ya kwao haiko hivyo. Usivunjike moyo. Kwanza hata jina lenyewe linapoteza watu. Hapa ukiomba gulyás unaletewa supu: nyama, viazi, karoti, mchuzi mwepesi wa kunywa kwa kijiko. Gulya ni kundi la ng'ombe, na gulyás ni mchungaji wake. Wachungaji wa nyanda za huku walikuwa wakipika nje, chungu cha chuma kimening'inizwa juu ya moto, nacho wanakiita bogrács. Kile chakula kizito ambacho dunia nzima inakiita gulashi, wenyewe wanakiita pörkölt. Kikiwa cha nyama ya ng'ombe ni marhapörkölt. Bila shaka mgeni wako alitaka hicho, yaani nyama ya rojo.

Nimefundishwa na jirani yangu wa ghorofa ya juu, mama mtu mzima ambaye namwita néni, kama sisi tunavyosema bibi au shangazi kwa mtu asiye wa damu. Desturi yao ni kupikia mafuta ya nguruwe. Nilipomweleza kwamba mimi hayo sili, hakunikunjia uso. Alishuka na mwiko wake mkononi akaja kupika jikoni kwangu, katika sufuria yangu, kwa nyama niliyonunua bucha ya halali. Mafuta yalikuwa ya alizeti, maana alizeti huku wanalima sana, kama kwetu Singida. Wengi hutia na mvinyo mwekundu, sisi tuliacha, na ladha haikupungua.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa kilo moja ya nyama, chukua vitunguu maji vikubwa vitatu au vinne, karibu nusu kilo. Usishangae wingi huo. Humu hamna unga wala viazi vya kuufanya mchuzi uwe mzito. Uzito wote unatokana na kitunguu kuyeyuka. Kikate kidogo kidogo sana, kitie kwenye mafuta vijiko vitatu vya kulia, chumvi kidogo, moto mdogo. Usikikaange kama cha pilau! Hatutaki kiwe cha kahawia. Kiache kilainike mpaka king'ae, robo saa au zaidi.

Hapo ndipo zima jiko, ipua sufuria kabisa, kisha tia paprika ya unga, yaani pilipili nyekundu tamu iliyokaushwa na kusagwa, vijiko viwili vya kulia vilivyojaa, koroga haraka. Nyama iwe tayari pembeni, uitie hapo hapo pamoja na maji kikombe cha kahawa. Néni aliponiona nimebakiza sufuria motoni alinishika mkono. Paprika ina sukari nyingi, na kwenye mafuta ya moto inaungua kwa sekunde chache tu. Ikiungua inakuwa chungu, na uchungu huo hauondoki hata uongeze nini. Mara ya kwanza nilipojaribu peke yangu hilo ndilo lililonipata. Kilo nzima ya nyama ilikuwa na ladha ya dawa. Niliumia sana, kwa sababu nyama huku ni ghali.

Nyama chukua ya muundi, yenye mishipa. Usinunue steki. Ile mishipa ikipikwa taratibu inayeyuka, na rojo linanata midomoni. Ukishaitia, rudisha motoni, ongeza kitunguu thomu punje mbili zilizopondwa, nyanya moja, hoho moja, na nusu kijiko cha chai cha köménymag. Hizo ni mbegu zenye sura ya bizari nyembamba, ila harufu yake ni nyingine kabisa. Usipozipata, acha, usitie bizari badala yake. Najua mkono wako unapenda viungo, na ndiyo maana watu wanapanga foleni kwako. Lakini chakula hiki nakuomba ukipike mara ya kwanza bila tangawizi, bila mdalasini, bila nazi. Kina sauti mbili tu, kitunguu na paprika, na ukiongeza ya tatu hutazisikia tena.

Kazi iliyobaki ni subira. Funika, moto mdogo, saa mbili na nusu hadi tatu. Maji tia kidogo kidogo tu, kila yanapokaribia kukauka. Nyama isiogelee. Mwishoni funua, acha maji yaishe mpaka uone mafuta yamejitenga juu, mekundu kama mawese. Hapo imeiva. Néni haionji hata. Anatazama yale mafuta, anasikiliza namna inavyochemka, kisha anazima.

Watu wa mji huu wanajivunia paprika yao, na wana haki. Paprika ya Szeged na ya Kalocsa ndizo zenye jina nchi nzima. Pilipili asili yake ni Amerika, na huku inahusishwa na Waturuki, waliotawala Buda, mji ambao leo ni sehemu ya Budapest, tangu 1541 hadi 1686. Zamani waliiita hata pilipili ya Kituruki. Kuna na kisa kimoja kitakufurahisha. Profesa wa chuo kikuu cha hapa, Albert Szent-Györgyi, alikuwa akitafuta kitu chenye vitamini C nyingi. Mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja mkewe alimwandalia paprika mbichi, hakuwa na hamu nayo, akaamua kwenda nayo maabara. Akaikuta imejaa vitamini hiyo. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel. Kila nikipita sokoni nikiziona zimetungwa uzi kama shada, nyekundu tupu, namkumbuka huyo mama aliyeandaa chakula cha jioni.

Unakula na nokedli, vidonge vidogo vya unga. Unga wa ngano nusu kilo kasoro, mayai mawili, chumvi, maji mpaka uwe mzito kuliko wa kalimati. Wao wana kifaa chake chenye matundu. Wewe weka unga juu ya kibao, ukate vipande vidogo kwa kisu, uvisukumie kwenye maji ya chumvi yanayochemka. Vikielea juu, vimeiva, vichuje. Pembeni weka achari ya matango, maana chakula ni kizito na kinataka ukali kidogo. Wali nao unakwenda vizuri, nimejaribu, ingawa néni alitikisa kichwa.

Jambo la mwisho ni paprika yenyewe. Usitumie pilipili ya unga ya dukani, itawachoma wateja. Inatakiwa ile tamu, kwenye pakiti imeandikwa édesnemes. Kuna dada anasafiri mwezi ujao kuja Dar, nimempa pakiti nne za gramu mia mia na kifuko kidogo cha köménymag. Ukizipokea zitie kwenye kopo la bati, ufunike, mbali na jiko na mwanga, la sivyo rangi itafifia na ladha itaondoka nayo.

Ukipika, nipigie kwa video sufuria ikiwa bado jikoni. Nitamwita néni ashuke aone hayo mafuta.

Msalimie mama, na watoto wote uwabusu.

Shoga yako wa Szeged