Zuhura, chembe sahani sio damu kupungua

Shoga angu Zuhura,

Za Manyoni, shemeji hajambo, na hao wanafunzi wako wa darasa la pili wanaendeleaje? Sisi huku Nkuhungu, Dodoma, tupo, upepo na vumbi ndo vimeanza yaani ukifua asubuhi mchana nguo zimekuwa rangi nyingine, ila mtoto ni mzima anatambaa nyumba nzima.

Ile picha ya majibu ya damu uliyopimwa na hiyo mimba yako, uliyonitumia jana usiku, nimeiangalia mara nyingi sana na sikulala vizuri, nikasema nikupigie, ila najua ukilia na mimi ntalia na hatutaongea cha maana, bora nikuandikie kirefu uwe unarudia kusoma ukiwa umetulia.

Kwanza hiyo 38 uliyoandikiwa pale kwenye PLT, yaani chembe sahani au platileti, vile vichembe vya damu vinavyoziba jeraha, sio asilimia. Hata mimi yangu ilivyosomeka 41 nilidhani ni 41 kwa mia nikaona mbona sio mbaya sana, kumbe hapo ni elfu, yaani chembe sahani elfu 38 kwenye tone dogo mno la damu, na mtu mzima wa kawaida anatakiwa awe na kuanzia 150 mpaka 450. Kwahiyo ni chache kweli, sikufichi, ila sio kwamba unakufa kesho. Mimi nimebeba mimba nzima na hizo namba na nimejifungua salama.

Pili, na hili naomba ulishike kuliko mengine yote kwasababu naona mama mkwe wako ameshaanza kukununulia rozela. Chembe sahani kushuka SIO damu kupungua. Damu kupungua ni ile HB, kipimo cha wekundu wa damu, ambayo wewe ipo 11.4 nimeiona hapo juu kwenye karatasi hiyohiyo, iko vizuri tu. Mimi kila niliyemwambia alisikia "damu" akaniletea matembele, maini, juisi ya bitiruti, jirani mmoja akatwanga majani ya mpapai, wote walikuwa na upendo wa kweli na matembele niliyala maana ni chakula kizuri, ila namba haikupanda hata moja. Yale majani ya mpapai dokta alinikatalia kabisa nikiwa mjamzito. Chakula hakirudishi chembe sahani za hivi kwasababu mwili haujakosa chakula, mwili unazitengeneza ila unaziua wenyewe.

Nilivyoelezwa ni hivi. Chembe sahani ndo zinaenda kuziba pale mtu anapokatwa, zinajazana hapo damu inasimama. Sasa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inakosea inatengeneza kingamwili za kushika chembe sahani zako mwenyewe kama vile ni adui, af zikipita kwenye bandama zinakamatwa zinaliwa. Ndo maana hata kukuongezea chembe sahani za mtu mwingine hakusaidii muda mrefu, nazo zinaliwa vilevile, wanaziweka tu ukiwa unavuja sana au unaenda chumba cha upasuaji. Dokta wangu alinisimulia kuna daktari wa Marekani anaitwa William Harrington, mwaka 1950 alijiwekea mwenyewe damu ya mgonjwa wa tatizo hili, ndani ya saa chache chembe sahani zake zikaporomoka karibu kuisha na yeye alikuwa mzima kabisa, ndo ikajulikana kuna kitu ndani ya ile damu kinachoua. Nakusimulia hivyo kwasababu kitu hichohicho kinaweza kuvuka kondo la nyuma kwenda kwa mtoto tumboni, nitafika huko.

Sasa kabla hawajakwambia ni kinga ya mwili lazima waondoe mengine kwanza, hakuna kipimo kimoja cha kusema ndiyo ni hii. Waambie warudie kipimo na damu iangaliwe kwa darubini, maana kuna watu damu yao ikiingia kile kichupa cha kofia ya zambarau chembe zinagandana na mashine inahesabu chache wakati mwilini zipo. Wapime malaria, maana malaria nayo inashusha chembe sahani sana na huku kwetu ni kitu cha kawaida, HIV, homa ya ini, presha na mkojo. Mimi kwenye zahanati moja nilipewa dawa ya malaria mara mbili na kipimo kimesoma hamna malaria, eti kwasababu "platileti zikishuka ni malaria tu", nikapoteza wiki tano hivihivi. Sitaki hizo wiki zikupotee wewe.

Utasikia pia kwamba wajawazito wengi zinashuka kidogo na ni kawaida. Ni kweli kabisa, ila hizo za kawaida zinashuka mwishoni mwa mimba na mara nyingi zinabaki juu ya 100, na ukishajifungua zinarudi zenyewe. Wewe una wiki 17 na una 38. Mtu akikwambia ni kawaida nenda tu nyumbani, mwambie kwa heshima unaomba rufaa.

Maisha ya kila siku sasa. Zikiwa juu ya 30 na huvuji popote mara nyingi hawakupi dawa, wanakuhesabu tu kila baada ya wiki kadhaa, na mimi nilikaa hivyo mpaka wiki ya 28 ikashuka ikafika 22. Hapo nilikuwa nimeanza kuona vidoto vyekundu miguuni kama vya upele ila ukibonyeza havipotei, na fizi zinatoa damu nikipiga mswaki. Wakanianzishia prednisoloni, vidonge vinne vya miligramu 5 kila asubuhi baada ya kula, wiki ya pili nikapima ikasoma 64 nililia palepale maabara. Dawa inasumbua, njaa haiishi, usingizi unakimbia, uso ulijaa, na inaweza kupandisha sukari na presha kwahiyo walikuwa wananipima kila nikienda. Lakini usiiache ghafla hata siku moja, wanaipunguza wao kidogo kidogo. Kuna na dripu ya kingamwili za kutoka kwa watu wengine, sio hizi zinazoua chembe, ambayo inapandisha haraka ndani ya siku chache, ila ni ghali mno na kupanda kwenyewe hakudumu, wanaitunza kwa dharura au karibu na kujifungua, mimi sikufika huko.

Dawa za maumivu Zuhura!! Hapa nakuomba kama dada yako. Wewe na mgongo wako nakujua. Usinywe asprini, diklofenaki wala ibuprofeni, hizo zinazizuia hata zile chembe chache zilizobaki zisifanye kazi. Panado tu. Na ukienda kuchoma sindano ya pepopunda mwambie nesi namba yako ya chembe sahani kabla hajachoma, ili wakae na dokta waamue, na wakichoma ubonyeze pale kwa muda mrefu. Mimi nilichomwa bila kusema, bega likavimba likawa jeusi wiki mbili.

Ukitoka damu puani ikakataa kukoma, au ukeni, au choo kikawa cheusi, usisubiri kesho. Na kuanzia miezi mitano kwenda mbele ukiumwa kichwa sana, macho yakaona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia, hiyo inaweza ikawa presha ya mimba ambayo nayo inashusha chembe sahani na ni hatari kuliko hii yetu, usijiambie ni zilezile za siku zote. Nenda hata kama ni usiku.

Sasa kujifungua. Najua umepanga uende kwa mama yako kule Kintinku, na mama angefurahi, na mimi nampenda mama. Ila hapana, shoga angu. Mtu mwenye hali yetu anatakiwa ajifungulie hospitali kubwa yenye damu, yenye maabara inayohesabu chembe sahani usiku na mchana, na daktari wa watoto. Sio kwamba lazima upasuliwe, wengi wanadhani hivyo, mimi nilijifungua kawaida. Niliambiwa 50 inatosha kwa kawaida na hata kwa upasuaji, ila sindano ya ganzi ya mgongoni hawapendi kuichoma ikiwa chini ya 70 hivi, wanaogopa damu kuvujia karibu na uti. Mimi siku ya uchungu nilikuwa na 66 kwahiyo nilishajua kabisa kwamba ikitokea upasuaji ni wa usingizi. Na mtoto hawamvuti kwa mashine ile ya kunyonya kichwa, wanaogopa asije akavuja kichwani.

Mtoto ndo anayekutisha zaidi, umeandika mara tatu kwenye ile meseji. Zile kingamwili zinavuka, ni kweli, ila wengi wanazaliwa wazima kabisa, kama mmoja kati ya kumi ndo chembe zake zinakuwa chini ya 50, na kuvuja damu kichwani ni nadra sana. Namba yako wewe haiwaambii ya mtoto itakuwa ngapi, usijilaumu ikishuka. Wa kwangu walichukua damu kwenye kitovu ikasoma 128 tukashangilia, mama yangu akataka turudi nyumbani keshoyake. Dokta akakataa kabisa, akasema kwa watoto hawa zinashuka siku ya pili mpaka ya tano. Na kweli siku ya tatu ikasoma 57. Zuhura nilikaa kwenye kile kitanda namwangalia anavyolala, nageuza mikono yake natafuta kidoto, nafunua macho, natafuta kidoto. Siku ya tano 71, ya saba 110. Ningekuwa nimeondoka siku ya pili nisingejua kitu. Ile sindano ya vitamini K walisubiri kwanza majibu yatoke ndo wakachoma, na tohara tukaambiwa tusubiri mpaka namba zikae sawa. Kunyonyesha nilinyonyesha tangu saa ya kwanza, hata nikiwa kwenye prednisoloni.

Kwahiyo nilichopanga ni hivi, na nimeshaongea na baba mtoto amekubali. Wiki ijayo omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, panda basi la asubuhi, ntakupokea stendi tuende wote kliniki na hiyo rufaa yako. Usipopata rufaa njoo hivyohivyo. Beba karatasi ZOTE, hata za ile mimba ya kwanza iliyotoka, na kama uliwahi kupima damu kabla ya mimba katafute hiyo karatasi, dokta ataiulizia sana maana inaonyesha kama zilikuwa chini tangu zamani. Wiki ya 36 ikifika unahamia kwangu mpaka ujifungue. Kile chumba cha nyuma nimekitoa magunia ya mtama, nimeweka neti mpya, kitanda ni kile cha mbao. Mama yako akitaka aje naye, tutabanana.

Kuhusu mama mkwe, niachie mimi. Ntampigia Jumapili baada ya kanisa nimweleze taratibu, ananisikilizaga. Rozela kunywa tu akikupa, sukari kidogo.

Nitumie namba ukirudia kipimo, hata kama ni saa sita usiku.

Wako,
Dina