Leseni ya bwawa la Jinja inatuhusu na sisi wa Kemondo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie leseni ya kuendesha bwawa la umeme la Jinja, Uganda, jambo ambalo sisi huku mwaloni tunaliona matokeo yake kwa macho.

Mimi ni fundi wa mashua hapa Kemondo, mkoani Kagera. Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilirudi nyuma hata pale nilipozoea kushushia mashua pakawa nchi kavu. Mashua moja ya injini tuliivuta watu kumi na wawili kwenye tope, mkuku, ule mti wa chini unaobeba mashua nzima, ukapasuka, nikautengeneza upya bila malipo kwa sababu mwenyewe alikuwa hajaishusha majini hata siku moja. Mei 2020 mambo yakageuka. Ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na maji yakaingia bandani mwangu.

Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao uko Jinja. Tangu 1954 mlango huo una bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lenye mitambo ya megawati 180. Mwaka 2000 kikaongezwa kituo cha Kiira, megawati 200. Yako makubaliano ya zamani ya Uingereza na Misri kwamba maji yafunguliwe kwa kadiri ambayo Mto Nile ungeyatoa wenyewe kama bwawa lisingekuwepo. Katika ule ukame wa 2004 hadi 2006 kadiri hiyo ilivukwa, mvua nazo zikawa chache, ziwa likashuka.

Sasa nije kwenye leseni. Mwaka 2003 vituo hivyo viwili vilikodishwa kwa kampuni ya Afrika Kusini kwa miaka 20. Machi 31, 2023 muda ukaisha, vikarudi kwa kampuni ya umma ya Uganda ya kuzalisha umeme, UEGCL. Wako wanaoona kazi ingetangazwa upya wenye uwezo washindane, na wako wanaoona mali ya umma imerudi nyumbani, yameisha. Kwangu mimi hayajaisha.

Bwawa jipya na bwawa la zamani si kitu kimoja. Anayejenga jipya amekopa, ana deni la saruji na mitambo, ni haki apewe miaka ya kutosha arudishe fedha. Bwawa la 1954 lilijengwa na watu waliokwisha kuzeeka. Anayepewa leseni yake leo anapewa maji hasa, na maji hayo ni ya wote wanaolizunguka ziwa. Tena washindani wakipimwa kwa bei ya umeme peke yake, kila mmoja atatamani kupitisha maji mengi awezavyo, maana ndiyo yanayozungusha mitambo.

Niliwahi kukodisha mashua yangu kwa mwaka mzima. Miezi miwili ya mwisho mpangaji hakuziba ufa hata mmoja, na siku ya kunirudishia ilikuwa imejaa maji nusu. Tangu hapo huwa naikagua mashua miezi mitatu kabla ya mkataba kwisha. Bwawa nalo likaguliwe miaka mitatu kabla ya leseni kwisha. Na kampuni ya umma nayo ipewe leseni yenye kikomo, ili ifike siku ya kuulizwa hesabu kama mpangaji yeyote.

Sisemi mitambo izimwe. Kwa miaka mingi randa ya umeme karakanani kwangu imezungushwa na umeme ulionunuliwa Uganda. Ninachoomba ni kwamba leseni hiyo ikipitiwa tena, awe ni mshindani au kampuni ya umma, kiwango cha maji ya kufungua kiandikwe kama sharti, vipimo vya kila siku vitangazwe, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoko Kisumu, isikilizwe kabla ya saini. Karibu nusu ya ziwa iko Tanzania. Pale Rusumo, kwenye mto wetu wa Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi ziliketi pamoja zikajenga kituo cha megawati 80 wanachogawana sawasawa. Kumbe inawezekana.

Tangu 2006 nimechomeka nguzo ya mti mbele ya banda, na kila tarehe mosi naandika maji yamefika wapi. Daftari liko kwangu. Atakayekaa kuipitia leseni hiyo akilihitaji, nitalipeleka mwenyewe.

Fundi mashua,
Kemondo, Bukoba