Bwawa lipo, lakini mtoto aogelee lini?

Mhariri,

Makala yenu ya kuwashauri wazazi wanaotafuta fleti nimeisoma yote, na imeniachia dukuduku. Mmezihesabu huduma za majengo kama mtu anayehesabu vyombo kabatini: bwawa, jimu, uwanja wa watoto, ukumbi wa sherehe, ulinzi saa 24. Jengo lenye vingi ndilo likashinda. Mimi nimelea watoto wawili katika jengo ambalo kwa hesabu hiyo lingeongoza, na tulihama kwa sababu yao.

Nianze na hilo bwawa, maana ndilo lililotuvuta. Kibao kilisema mtoto wa chini ya miaka 14 asiingie bila mtu mzima, na lango hufungwa saa 12 jioni. Sharti la kwanza nalikubali kwa mikono miwili. Lakini mimi na mwenzangu tulikuwa tunafika nyumbani saa 12 na nusu. Zikabaki Jumamosi na Jumapili, siku ambazo ukumbi hukodishwa kwa sherehe na bwawa huenda nao. Mwaka wa kwanza wanangu waliogelea mara nne. Ada ya huduma tulilipa mara 12.

Kuhusu usalama wa bwawa, makala yenu ilitaja mlinzi tu. Mlinzi huenda chooni. Duniani kote watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaozama kwa kiwango kikubwa kuliko rika nyingine, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Anatoweka kimya kimya. Kinachotakiwa ni uzio wa pande zote nne, usiopungua mita 1.2 kwenda juu, usiopandika, wenye lango linalojifunga lenyewe na komeo ambalo mkono wa mtoto haulifikii. Wetu ulikuwa wa pande tatu. Upande wa nne ulikuwa mlango wa jimu, na mlango huo ulizuiwa na kiti ili hewa ipite. Juu ya hapo, mtunza bustani, kwa nia njema kabisa, alipanga vyungu vikubwa vya maua kando ya uzio. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji ngazi nyingine.

Sasa uwanja wa michezo. Yeyote aliyewahi kuona ramani za majengo haya anajua uwanja wa watoto unavyopatikana: magari yakishagawiwa nafasi, jenereta na mapipa ya taka yakishapata pao, kipembe kinachobaki hupakwa rangi nyekundu na njano. Wetu ulikuwa na bembea mbili na mtelezo wa bati uliotazama jua la alasiri, saa ambayo watoto wanarudi kutoka shule. Gusa bati lile saa tisa uone. Chini palikuwa na zege, wakati majeraha mengi ya viwanjani hutokana na kuanguka. Mchanga au vipande vya mbao vya kina cha kama sentimita 30 vingetosha, na bei yake haifikii ile taa ya mapambo iliyokuwa mapokezi.

Hata hivyo, bati na zege ni vitu vya kurekebishika. Kilichonishinda ni njia. Kutoka kwenye lifti hadi kwenye bembea ilibidi mtoto akatize maegesho, katikati ya magari yanayorudi nyuma, na dereva anayerudi nyuma hamwoni mtoto aliye mfupi kuliko buti. Hivyo binti yangu wa miaka saba hakuweza kushuka peke yake. Hapa ndipo ninapotofautiana nanyi. Mtoto anayeweza kutoka mlangoni, akafika mchezoni na kurudi bila kusindikizwa, hucheza kila siku. Anayesubiri kusindikizwa hucheza siku mzazi anapopata nafasi, na sisi wote tunajua siku hizo ni ngapi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani walau dakika 60 za kuuchangamsha mwili kwa siku. Dakika hizo hazitoki bwawani. Zinatoka kwenye ua ambao mama akichungulia dirishani anauona, na akiita anasikika.

Mwanangu mkubwa alikuwa na miaka 13, na kwake jengo zima halikuwa na kitu. Bembea ni za wadogo, jimu ni ya miaka 16 na kuendelea, mpira umepigwa marufuku. Alikaa kwenye ngazi na wenzake mpaka walinzi walipoanza kuwafukuza kwa kosa la kukaa. Majirani wasio na watoto wana haki ya utulivu, silibishi hilo. Lakini marufuku ya siku nzima si sawa na saa mbili za mpira zilizokubaliwa na wote. Sisi tuliomba saa hizo mbili. Tukajibiwa kwamba mpira unaharibu nyasi.

Madirisha mliyagusa kwa sentensi moja, na ilihusu mandhari. Jiji la New York liliona watoto wengi mno wakianguka kutoka ghorofani, na tangu 1976 sheria yake inamtaka mwenye jengo la fleti tatu au zaidi aweke vizuizi vya madirisha palipo na mtoto wa miaka 10 au chini yake. Mzazi asiye na sheria kama hiyo ajipimie mwenyewe: nafasi kati ya nondo za roshani ikizidi sentimita 10, mtoto mdogo anaweza kupenya. Na nondo zilizolazwa mlalo, hata zikipendeza vipi, ni ngazi.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote vinajitembeza, kwa picha zilizopigwa alfajiri kabla mtu hajaamka. Kwa hiyo tulipotafuta nyumba ya pili hatukwenda Jumamosi asubuhi na dalali. Tulikwenda wenyewe Jumanne saa 11 jioni na kusimama uani. Nilitafuta michoro ya chaki sakafuni, baiskeli zilizolazwa ovyo, udongo uliochimbika chini ya bembea. Bembea inayong'aa haina mtu anayeibembea. Nilitafuta pia benchi lenye kivuli, kwa sababu mtu mzima asipopata pa kukaa hashuki, na asiposhuka, watoto wadogo hawashuki. Kanuni za wapangaji tulizisoma kabla ya kipeperushi.

Jengo tulilohamia halina bwawa wala jimu, na lifti yake hugoma mara kwa mara. Kwenye orodha yenu lingeburuta mkia. Binti yangu hushuka peke yake, na kumrudisha ndani ndiyo kazi.

Mkichapisha orodha nyingine, naomba muongeze safu mbili: saa ambazo kila huduma iko wazi, na umri unaoruhusiwa kuitumia. Najua majengo kadhaa yatapoteza nyota.

Mzazi wa watoto wawili