Jumamosi tunaangalia muvi gani: ya ngumi au ya mapenzi?

Wadau habari za jioni, naona tangu asubuhi mnabishana humu weee, sasa na mimi admini nisemee yangu alafu tupige kura.

Mi naipigania The Raid ya Indonesia, ile ya 2011. Stori yenyewe fupi tu, polisi wanaingia kwenye ghorofa limejaa majambazi, basi, kichapo floo kwa floo mpaka mwisho, na utamu wake ni kwamba staa wake Iko Uwais ni mtu wa silat (mapigano ya asili ya huko kwao) kweli kweli kwa hiyo kamera inatulia unaona kabisa teke limetoka wapi limetua wapi, siyo hizi muvi zingine wanakatakata picha kila sekunde hadi kichwa kinauma na hujui nani kapigwa.

Akina dada mmeng'ang'ania Dilwale Dulhania Le Jayenge, ile ya mapenzi ya Kihindi ya 1995. Shah Rukh Khan na Kajol wanaendana, hapo sibishi, na vile kijana anakataa kutoroka na binti mpaka baba mtu aridhie, aisee huyo hata wazee wa kwetu wangempa mke. Ila inazidi masaa matatu jamani, na nawajua watu wa kusinzia humu (siwataji).

Mapenzi ya kuonana dakika mbili tayari wanalia mvuani ndo siyawezi kabisa.

Kura mwisho Ijumaa usiku, wekeni emoji ya ngumi au moyo. Mwenye projekta anicheki inboksi. Na atakayesimulia mwisho wa muvi humu namtoa.